Chaneli Namba Sita

Gentil, mwanangu wa mwisho, alikuwa amelazwa Namur, Ubelgiji. Mapafu yake yalikuwa yamechoka. Kila Jumapili saa kumi alinipigia kwenye kompyuta aliyoniachia, nami nilitumia wifi ya jirani yangu Mudathiru, aliyenipa namba ya siri kabla sijamwomba.

Ila kila baada ya dakika mbili sauti ilikatika, kisha ikarudi. Gentil hakuwa na pumzi ya kusema jambo mara mbili.

"Mama, umesikia?"

"Sikusikia, mwanangu."

Alifunga macho, akaanza upya.

Nikamwita Nishimwe, dada anayetengeneza kompyuta pale mtaa wa Nengo. Alikaa nayo asubuhi nzima.

"Mukecuru, hii machine yako iko na umbeya," akasema, akiniita bibi kwa lugha yetu. "Imeshika wifi ya Mudathiru, lakini kila mara inaiacha kidogo, inazunguka chaneli zote kuona nani mwingine iko. Na hapa mupakani inasikia mpaka wifi za Goma! Mutoto anakuongelesha, yenyewe iko kwa majirani."

"Kama wifi yangu Dancille."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Bon. Ile programu yenye kuongoza wifi, nitaiambia isikilize chaneli sita tu, ya Mudathiru. Zingine zote, hapana."

Alikataa malipo, akanywa chai tu.

Jumapili ile tulizungumza dakika arobaini bila kukatika hata mara moja. Gentil alicheka. Mwishoni akasema, "Mama, kuna jambo kuhusu Munezero." Munezero ni binti yake, ana miaka tisa. "Ni refu. Acha nikusanye pumzi. Jumapili ijayo nitakuambia."

Nilimsimulia Mudathiru jinsi sauti ilivyokuwa safi, naye akafurahi kama mtoto ni wake. Jumamosi akanunua modemu mpya ya wifi yenye nguvu zaidi, akaipa jina lilelile na namba ileile ili nisisumbuke, akaiweka kwenye dirisha la upande wangu. Hakuniambia. Jumapili asubuhi akaenda arusini na mkewe.

Saa kumi kompyuta ikaandika kwamba hakuna mtandao. Nikaizima, nikaiwasha. Nikagonga kwa Mudathiru. Geti lilikuwa na kufuli. Nikampigia Nishimwe kwa simu yangu ya batani. Alikuwa Rugerero, kwaya yao ilialikwa huko. Alikuja kwa pikipiki bila kuvua joho la kwaya.

Ilikuwa imefika saa kumi na moja na nusu. Alitazama kompyuta, akatazama dirisha la jirani.

"Modemu ni mupya, Mukecuru. Iko inaongea kwa chaneli kumi na moja." Akaketi mbele ya kompyuta. "Na mi ndiye niliikataza machine kuangalia huko."

Akafuta ule mstari wa chaneli sita aliouandika kwenye programu. Mtandao ukaja mara moja.

Nilipompigia Gentil, muuguzi ndiye aliyepokea, na Nishimwe akanitafsiria Kifaransa chake. Gentil alikuwa amejaribu kunipigia karibu saa nzima, kisha pumzi ikashuka, wakamvika barakoa ya hewa. Asingeweza kusema tena. Alikuwa anasikia, na kama ni ndiyo angeinua kidole.

"Gentil, ni mama. Munezero aje kwangu?"

Kidole hakikuinuka.

"Abaki na mama yake?"

Hakikuinuka.

"Ni habari ya shule? Ya nyumba?"

Niliuliza yote niliyoweza kuyafikiria. Sauti haikukatika hata kidogo. Nilisikia mpaka barakoa ikivuta na kutoa hewa. Mwishowe nikauliza, "Unajua kwamba nilikuwa hapa, nakungoja?"

Kidole kikainuka.

Alfajiri muuguzi aliandika kwamba amekwenda.

Mudathiru alirudi asubuhi hiyo. Watu wa mtaani walikuwa wameshamweleza habari ya msiba tu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Pole sana, Mama. Angalau ile modemu... mulisikilizana muzuri?"

Nishimwe, aliyelala kwangu, aliinamisha kichwa.

"Tulisikilizana vizuri, Mudathiru," nikasema. "Asante kwa kutukumbuka. Ingia ukae."