Kozi kwa Kila Mtu

Kitu cha kwanza ambacho dada mtu alikigundua kilikuwa kidogo sana: kaka yake alipokea beseni la maji kutoka kwa mama yao akasema, "Sawa."

Katika nyumba nyingine neno hilo halina kasoro. Kwao, tangu kaka aanze kozi ya urubani wa helikopta, lilikuwa limepigwa marufuku. Chuoni alifundishwa kwamba mwalimu na mwanafunzi hukaa bega kwa bega, kila mmoja na usukani wake, na helikopta haiwezi kushikwa na wawili, wala haiwezi kukosa wa kuishika hata kufumba na kufumbua. Kwa hiyo mwalimu husema, "Shika." Mwanafunzi hujibu, "Nimeshika." Mwalimu humalizia, "Umeshika," ndipo anaondoa mikono. Sawa si jibu. Sawa inaweza kusemwa na aliyeshika, na inaweza kusemwa na aliyesikia tu.

Kaka akaihamishia habari hiyo nyumbani. Sufuria ya moto haikutoka jikoni bila shika, nimeshika, umeshika. Siku moja mama alikuwa akimrudishia jirani mtoto wake mchanga, akagoma kumwachia mpaka jirani aseme nimeshika, na wote wawili wakacheka hadi mtoto akaanza kulia. Hata baba mdogo, ambaye hana muda na mizaha, akipewa kikombe cha chai alijiweka wima kama askari kwenye gwaride. Nimeshika, rubani.

Sasa kaka alikuwa amesema sawa, na hakuna aliyemsahihisha. Mama alishageukia moto. Dada mtu alimtazama kaka yake akitoka na beseni, maji yakimmwagikia miguuni, asishtuke.

Dada huyo alikuwa mmoja wa wale ambao maneno yao huishia kooni. Aliacha shule ya msingi kabla ya kuimaliza, mwaka aliofariki baba yao, na tangu hapo akawa anasema kidogo zaidi kila mwaka. Baba mdogo alimwita Bubu. Si kwa ubaya, alisema mwenyewe, ni utani tu.

Bubu alifanya usafi katika chuo hicho hicho. Alipiga deki madarasa, akafuta vioo vya helikopta kwa kitambaa laini, na kwa kuwa hakuna anayemwona mtu wa deki, aliwajua wanafunzi wote. Kulikuwa na waliokuja kuonja tu, wanapanda mara moja na mwalimu, wanapigwa picha wameshika usukani, wanarudi makwao wakiwa mashujaa. Kulikuwa na wenye nazo, waliojifunza ili wajirushe wenyewe kwenda kukagua mashamba yao bila kukanyaga tope. Halafu kulikuwa na kozi ndefu, kozi ya kazi, ya watakaobeba wagonjwa, watakaozima moto wa misitu, watakaoshusha mizigo milimani ambako hakuna barabara. Kaka alikuwa kwenye hiyo ya mwisho. Baba mdogo ndiye aliyeichagua. Kiwanja alichowaachia marehemu kiliuzwa kwa ajili yake, na mama alikuwa ameshawatangazia akina mama wote wa bombani kwamba wakizidiwa wasihangaike, mwanawe atawafuata kwa juu.

Baada ya siku ya beseni, Bubu alianza kumwangalia. Asubuhi moja aliingia kupiga deki vyoo vya wanafunzi akamkuta kaka yake amesimama mbele ya sinki, bomba limefunguliwa, maji yanamwagika bure.

"Nanawa uso tu, mdogo wangu," kaka alisema.

Uso wake ulikuwa mkavu. Nje mwalimu alikuwa akimwita. Bubu alifunga bomba, akarudi kwenye ndoo yake.

Somo la siku zile lilikuwa la kusimama hewani. Helikopta inanyanyuliwa juu kidogo tu ya majani, kimo cha mtu, na mwanafunzi anatakiwa kuituliza hapo hapo isiende mbele wala nyuma. Waliokwisha kufuzu husema hilo ndilo somo linalowatenganisha watu. Mwalimu alikuwa mtu mzima, amefundisha miaka mingi, na masikio yake yalishazoea kusikia kile anachotarajia kusikia. Alisema, "Shika." Kaka akasema, "Sawa." Mwalimu akaondoa mikono.

Bubu aliona yote kutoka dirishani, kitambaa mkononi. Helikopta ilibaki hewani bila mtu wa kuishika. Ikazungusha mkia taratibu, kama inayotafuta nani yumo ndani, ikainama upande, mguu mmoja ukagonga chini, na mapanga yanayozunguka juu yake yakaanza kulima majani mpaka yakavunjika vipande vipande. Kisha kimya. Kaka alitoka kwa miguu yake. Mwalimu alitolewa akiwa amevunjika mkono. Watu wakasema tumshukuru Mungu, na ni kweli, lakini kaka alikaa kwenye majani akitazama viganja vyake kama vya mtu mwingine.

Mwalimu hakumtupia lawama. Alisema kosa ni lake pia, hakusikiliza. Ndipo mkuu wa kozi akaiita familia.

Baba mdogo alikuja na koti. Mama alikuja na kitenge chake kizuri. Bubu aliwaletea viti, na alipogeuka kutoka, mkuu wa kozi akamwambia abaki, yeye naye ni wa nyumba hiyo. Mkuu alikuwa mtu wa sauti ya upole. Alisema chuo chake hakimtupi mwanafunzi, kwa sababu kina kozi kwa kila mtu. Kijana anaweza kurudishwa mwanzo. Anaweza kushushwa kwenye ile ya kujirusha mwenyewe. Anaweza kwanza kukaa kwenye mashine ya mazoezi iliyomo chumbani, ambayo ikianguka haivunji kitu.

Baba mdogo alisema arudishwe mwanzo. Alisema ni kujikaza kisabuni tu, na kwamba katika ukoo wao hakuna mwanaume aliyewahi kuingiza mguu akautoa. Mama aliuliza, kwa sauti ndogo, kama kwenye kozi ya chini bado huvaliwa sare.

Kila mara kaka alipoulizwa, alisema, "Sawa."

"Mmesikia wenyewe," baba mdogo alisema. "Amekubali."

Mkuu wa kozi alisimama. Basi aje kesho asubuhi, alisema, atapewa mwalimu mwingine. Akanyoosha mkono, baba mdogo akaupokea.

Bubu alikuwa ameegemea ukuta karibu na mlango. Aliona wazi kilichokuwa pande zote mbili. Akisema, mama hatakwenda tena bombani akiwa ameinua kichwa, kiwanja kitakuwa kimekwenda na maji, na kaka yake hatakuwa na kazi wala jina isipokuwa lile watakalompa mtaani. Asiposema, kesho mtu mwingine atamwambia shika. Hakuna upande uliokuwa na nafuu. Alimtazama kaka yake, na kaka yake akamtazama, si kwa kumwomba aseme wala kwa kumwomba anyamaze, bali kama mtu anavyotazama saa ya ukutani.

Alikohoa. Wote wakageuka.

"Bubu naye," baba mdogo alisema. "Una nini?"

"Mwanangu, si sasa," mama alisema. Mkono wake ulikuwa umeshika upindo wa kitenge, na Bubu akajua kwamba mama naye alikuwa akijua.

"Kaka anaogopa," alisema. "Anaogopa tangu siku ya kwanza. Msimpandishe tena."