Filamu ya Dakika Sita

Kikombe cha kumi na moja kilikuja na matope mengi kuliko maji, lakini Bathsheba alikimimina mtungini hivyo hivyo. Alikuwa amepiga magoti kwenye chemchemi ya mwisho wa shamba lake tangu umande haujakauka. Zamani mtungi wa lita ishirini ulijaa kabla hujamaliza kumuuliza mwenzako habari za nyumbani. Sasa angemuuliza nani?

Jamani, Ijumaa kwenye ile chemchemi! Wasabato wa kijiji kizima walishuka kuteka maji ya siku mbili kabla jua halijazama, maana Sabato ikiingia hakuna kuteka. Walipanga mitungi, wakataniana, wakasengenyana kidogo. Bathsheba, mjane ambaye watoto wake wote wako Nairobi, aliwatambua kwa vikohozi vyao. Kisha kampuni moja ikachimba kisima kirefu kule juu, kando ya lami, ikaweka pampu ya sola na bomba linalofunguka kwa kadi. Chemchemi ikaanza kunywea. Wanawake wakahamia kwenye lami. Bathsheba alikataa kuchukua kadi. Anunue maji yanayotoka chini ya shamba lake mwenyewe? Akabaki na vyura.

Asubuhi hiyo alisikia watu wakishuka, akainuka haraka kujipangusa magoti. Wageni! Na tusifichane: kwa upweke aliokuwa nao, angewafurahia hata wezi.

Mbele alikuwa Celestine, afisa wa ile kampuni, amevaa viatu vyeupe kuja kwenye matope. Nyuma yake alikuja Nyangau, mtengeneza filamu kutoka Kisii mjini, na sanduku la droni, kisha fundi mmoja aliyebeba msumeno wa petroli.

"Bwakire buya, omong'ina," Celestine alimwamkia mama huyo kwa Ekegusii. "Tunatengeneza filamu fupi. Kuna mashindano ya filamu kuhusu teknolojia mpya na mazingira. Wewe ndiye nyota wetu."

"Mimi?"

"Wewe. Shida ni huu mti. Unaziba, droni haiwezi kuona maji kutoka juu."

Ulikuwa omotembe, mti wa maua mekundu. Mumewe aliukuta hapo, baba mkwe wake naye aliukuta, na hakuna aliyewahi kuugusa kwa panga. Lakini mgeni ameomba.

"Kata tawi moja," Bathsheba alisema. "Hilo la chini."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Loo, waliosema hivyo hawakuwahi kutembelewa na watu wa miradi! Bathsheba akapanda nyumbani kuwachemshia chai na ndizi, kwa sababu mgeni wa kwake haondoki na njaa. Alisikia msumeno ukilia, akajisemea kwamba tawi lenyewe ni nene. Aliporudi na chupa ya chai, omotembe wote ulikuwa chini, umelalia nduma zake.

"Nilisema tawi."

"Mama, ungebaki kusimamia," Celestine alijibu, huku akipokea kikombe. "Tutapanda mingine. Iko kwenye bajeti."

Bathsheba alitaka kulia, akaona haya kuwalilia wageni. Wakambandika kipaza sauti kifuani. Alisema yote kwa Ekegusii: maji yalivyokuwa, yalivyopungua tangu pampu ije, na huu mti uliokatwa leo, hata majani hayajanyauka. Alisema karibu saa nzima. Tangu mazishi ya mumewe hakuna aliyekuwa amemsikiliza kiasi hicho, na alijisikia mwepesi.

"Sauti safi sana," Nyangau alisema. "Hii itatutosha."

Wiki sita baadaye aliitwa kwenye ukumbi mmoja mjini Nyamira. Alivaa gauni la kanisani, akakalishwa safu ya mbele pamoja na wenye suti. Filamu ilikuwa ya dakika sita. Chemchemi ilionekana kutoka juu, maji yanabubujika, omotembe umesimama na maua yake mekundu, na juu yake ndege wa rangi ambazo Nyamira haijawahi kuziona. Kisha ukaja uso wake. Mdomo ukafunguka, ukasema Kiswahili laini cha mtangazaji wa redio: "Zamani tuliteseka. Leo teknolojia imeturudishia maji na miti yetu."

Sauti ilikuwa yake, pamoja na ule mkwaruzo wa kifua. Ukumbi ulipiga makofi, na mheshimiwa mmoja akasimama kumpa mkono.

Alimkamata Nyangau mlangoni. "Sikusema hivyo."

"Ni kompyuta, mama. Iliisikiliza sauti yako ikajifunza. Waamuzi hawaelewi Ekegusii."

"Na mti?"

"Hata huo ni kompyuta."

"Basi iambieni kompyuta inirudishie wangu."

Nyangau alicheka, kisha akaona kwamba mama hatanii. Akainamia simu yake. "Mimi ni wa kutumwa tu, mama."

Nyumbani, jirani yake Ruth alimwita kutoka ng'ambo ya ua. "Bathsheba! Kumbe Kiswahili unakijua hivyo! Na chemchemi imerudi, mbona hukutuambia?"

"Haijarudi. Njoo uione."

"Aa, nimeshaiona kwenye simu."

Ijumaa iliyofuata chemchemi haikutoa hata kikombe. Bathsheba alijaribu mpaka jua likaanza kushuka, akameza kiburi chake, akabeba mtungi hadi lami. Wanawake walimwona, wakapiga vigelegele. "Nyota wetu! Mpisheni nyota wetu!" Walimshika mikono, wakamsogeza mbele kabisa. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alikuwa katikati yao, na alifurahi, akasahau kwamba hana kadi. Akaweka mtungi chini ya bomba, akabonyeza kitufe.

"Kadi haijaonekana," mashine ilisema. "Tafadhali mpishe mwenzako."

Ilikuwa sauti yake.

"Ala! Ni yeye!" Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. "Bathsheba yuko ndani ya bomba!"

"Si mimi," alisema kwa Ekegusii. "Ruth, si mimi huyo." Akabonyeza tena.

"Tafadhali mpishe mwenzako."

Kicheko kikaisha. Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa limegusa kilima. Ruth alitoa kadi yake, akausukuma mtungi wa Bathsheba pembeni kwa mguu, polepole, usije ukaanguka.

"Usikasirike, dada," alisema. "Sabato inaingia."