Meza Yenye Tishu

Tangu niache kazi muda ninao wa kumwaga. Mtu wa kuutumia naye ndiye sina.

Nilipojiuzulu wenzangu walinipa pongezi. "Umepona, Kok Seng," waliniambia, kisha wakarudi mbio mkutanoni. Sasa asubuhi nafundisha watoto kuogelea, mchana nalala, jioni natembea kando ya mfereji. Ni maisha mazuri, siyakatai. Ila hakuna aliyenionya kwamba ukipunguza mwendo peke yako, unaachwa. Marafiki zangu wote wako ofisini mpaka usiku, na mke wangu, Lay Hoon, ndiye mshika bendera wao. Mimi nakula na redio.

Juzi kampuni yake ikampa cheo Hong Kong, miaka mitatu. Jibu lilitakiwa Ijumaa kabla ya saa mbili usiku. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa mlangoni anavaa viatu.

"Nikikataa nikae hapa nifanye nini?" akaniuliza. "Nikutazame unavyokunywa chai polepole?"

"Si unakunywa na wewe."

Akacheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka.

"Saa moja jioni, meza yetu," akasema. "Nitachomoka kidogo. Nikija, ujue nimekataa. Na wewe uwepo, mzee wa mapumziko. Nikikukosa leo nitajua umeshanichoka."

"Niende wapi mimi?"

"Na ubebe simu."

"Nikienda kula sibebi simu, unajua."

"Najua. Kichwa ngumu."

Meza yetu iko kwenye vibanda vya chakula mkabala na ofisi yake, ofisi ambayo zamani ilikuwa yangu pia. Ni ile ya kando ya nguzo. Hapa kwetu meza hushikwa kwa pakiti ya tishu: unaiacha juu, unakwenda kupanga foleni, na hakuna wa kuigusa. Mtu atazunguka na sinia lake mpaka supu ipoe, lakini meza yenye tishu ataipita. Enzi za uchumba sikuwa naacha tishu. Nilikuwa naacha kitambulisho changu cha kazi, chenye kamba ya buluu, na Lay Hoon akija mbio alikuta uso wangu mezani unamsubiri. Kitambulisho nilikirudisha siku niliyoacha kazi. Ijumaa ile nikaweka pakiti ya tishu yenye tangazo la benki, niliyopewa bure mlangoni mwa stesheni.

Nikaenda kufuata tambi za kukaanga anazozipenda. Foleni ilikuwa ndefu. Kibanda cha pili hakikuwa na mtu, lakini nani hapa anaamini kibanda kisicho na foleni? Mpishi alikuwa anakaanga sahani moja moja. Wenzangu wa foleni walikuwa wakitazama saa na kuguna. Mimi nimesimama nimetulia, na nikajisifu moyoni kwa utulivu wangu.

Niliporudi na sahani mbili, moja bila pilipili, nilimkuta bibi mmoja amekaa upande wa pili wa meza anakunywa uji wa samaki.

"Tishu hii yako?" akaniuliza.

"Yangu, shangazi," nikamjibu, kama tunavyowaita hapa wanawake wa umri wake.

"Haya. Nimejibanza tu hapa pembeni, na viti vyenu nimekulindia. Wamekuja vijana na masinia yao nikawafukuza. Kisha kaja dada mmoja, kasimama hapo hapo uliposimama, anauliza pana watu? Nikamwambia pana wenyewe, watu wa benki hao, si unaiona tishu yao."

"Dada gani?"

"Mwembamba, ana kitambulisho shingoni, kamba ya buluu. Kachoka huyo, masikini. Anapiga simu haipokelewi, anapiga tena. Nikamwambia basi keti hapa kwangu ule. Akasema hapana, kuna mtu nilikuwa namtafuta, naona hakuja."

"Ameondoka lini?"

"Sasa hivi. Uji wangu bado wa moto."

Nikaziacha sahani nikakimbia. Mimi, niliyeapa kutokimbia tena, nilivuka barabara taa ikiwa nyekundu. Kwenye milango ya vioo mlinzi akaninyooshea mkono.

"Kitambulisho, mkuu?"

"Mke wangu yuko juu. Nataka kumwambia neno moja tu."

"Mapokezi wameshaondoka. Mpigie ashuke."

"Sina simu."

Akanitazama vile watu wanavyomtazama mgonjwa, akanipa yake. Nikaishika. Miaka yote ile ya ndoa nilikuwa nabonyeza jina lake tu. Namba ninayoijua kwa moyo ni moja, ya kwangu. Nikaipiga hivyo hivyo. Ikaita, ikaita, ndani ya droo ya jikoni, ng'ambo ya pili ya mji.

Nilisimama pale mpaka saa ya ukutani ikapita saa mbili, mwisho wa kutoa jibu lake. Watu walitoka kwenye lifti, wote na kamba za buluu, na Lay Hoon hakuwamo.

Nilirudi mezani. Bibi alikuwa amemaliza uji wake kitambo, lakini hakuwa ameondoka. Alikuwa amefunika sahani zangu, moja kwa sinia, nyingine kwa gazeti.

"Hakuna aliyegusa," akasema.

"Ahsante, shangazi."

Nilimshukuru kweli. Wiki nzima ile hakuna mtu mwingine aliyekaa nami kwa chakula cha jioni. Akafunga mkoba wake, akaniaga, akaenda zake.

Nikala tambi zangu zilizopoa. Watu wakawa wanakuja na masinia yao, wanakitazama kile kiti kitupu, wanaiona tishu, wanakwenda kutafuta kwingine.