Koti la Injini

"Wallahi, haya nisemayo ni kweli tupu, sikutia hata chembe ya chumvi," alisema Mzee Sheikhan, na pale barazani kwake Mtongwe kila mtu akajua kwamba chumvi iko njiani. "Gari langu hilo la mgongo wa kobe nililipandisha hadi Taita, jua la kupasua mawe. Kole mbichi nilimlaza juu ya injini. Kufika kule, samaki anatetemeka kwa baridi!"

"Mwaka jana samaki huyo alikuwa changu," alisema Odhiambo, fundi wa magari aliyepanga nyumba ya pili. "Na mlifika Voi tu."

"Changu alikuwa safari nyingine. Wewe, Odhiambo, umezoea magari ya kunywa maji kama ngamia. Hili hupozwa na upepo wa feni yake. Maji halina, sasa litachemka nini?"

Watu wakacheka. Sheikhan mwenyewe hakucheka, maana Wardah alikuwa akitoka mlangoni, buibui limefungwa, chupa ya marashi ya kumwagia kaburi mkononi.

Wardah alikuwa mke wa Hussam, na Hussam alikuwa mwana wa pekee wa Sheikhan. Gari lilikuwa la Hussam. Alilipata likiwa gofu la chuma, akaiunda injini upya, kipande kwa kipande, hata maradhi yalipokwisha kumla nyama za mikono. Wardah ndiye aliyemshikia tochi. Hussam alipofariki, gari lilikuwa haki ya mjane wake, lakini Sheikhan aliomba aachiwe, kwa kuwa humo tu ndimo alimoweza kukaa akahisi mwanawe yuko kiti cha pili. Akamwapia Wardah mbele ya watu wa matanga: "Siku injini hii ikichemka mkononi mwangu, ufunguo nitakukabidhi mwenyewe, na sitatia neno."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ingia twende."

"Injini umeiangalia? Safari iliyopita nilisikia harufu."

"Harufu ya viwanda vya Changamwe hiyo. Injini hii naijua kuliko tumbo langu."

Walishika barabara mpya ya Dongo Kundu. Juu ya daraja upepo uliingia kwa madirisha yote, gari likanguruma vizuri, na Sheikhan akaanza kisa cha mamba wa Mtongwe aliyeomba lifti. Wardah alitabasamu kidogo, akageuza uso akatazama maji.

Lakini kuna jambo hakumwambia mtu. Wakati wa kaskazi aliishusha injini peke yake ili azibe mafuta yaliyokuwa yakivuja. Kuirudisha, mabati meusi yanayoizunguka yakamsumbua. Skrubu zilikuwa zimeliwa na kutu. Aliyatazama, akajiambia kwamba Mzungu aliliunda gari hili kwao kwenye theluji, ndiyo sababu akaivika injini koti. Mombasa koti la nini? Joto hili hata binadamu hulala kifua wazi. Basi akaiacha injini kifua wazi, na siku ile alijiona ana akili kuliko kiwanda kizima.

Changamwe malori yalikuwa yamesimama msururu mmoja. Wakawa wanakwenda hatua, wanasimama. Upepo ulikatika. Taa nyekundu ya oili ikapepesa kwenye dashibodi, kisha ikatulia ikawaka kabisa. Sheikhan alivua kofia yake, akaiweka juu ya taa.

"Mbona umevua kofia, baba?"

"Kichwa kinataka hewa."

"Na harufu hiyo?"

"Lori la mbele."

Nyuma yao injini ikaanza kugonga, kama mtu anayebisha hodi kwa ngumi. Sheikhan alikaza macho barabarani. *Vumilia, mwanangu, vumilia tufike.* Gari likashtuka mara moja, likazima. Honi zikalia. Matingo wawili waliruka kutoka kwenye lori wakalisukuma hadi kando.

Wardah alikuwa wa kwanza kushuka. Alifunua boneti ya nyuma, moshi ukampanda usoni, akainama.

"Baba. Naiona lami."

"Ehe?"

"Naiona lami chini, kando ya silinda. Mabati ya Hussam yako wapi?"

Kisa kilikuwa tayari ulimini, kama kawaida yake. "Yalidondoka Mariakani, mwanangu. Nikarudi kuyatafuta, wallahi, nikamkuta mbuni ameyalalia kwa mayai..."

"Usiape," alisema Wardah polepole. "Si mbuni. Ni kuku. Mlango mweusi wa banda lako nyuma ya jiko. Kila nilipokwenda kuokota mayai nilijiuliza, bati hili nimeliona wapi?"

Sheikhan alitazama viatu vyake. "Nilidhani ni koti tu. Joto hili..."

"Hayakuwa koti. Hussam alinieleza tukiwa na tochi. Yale ni kuta. Hewa baridi huingia juu, hupita kwenye injini, joto hutoka kwa chini. Ukizibomoa kuta, joto lile lile linapanda, feni inalivuta tena. Umeifunika uso, baba, ukadhani umeivua nguo."

Alizungushia kitambaa mkononi, akashika gurudumu la mkanda wa feni, akalivuta kwa nguvu zake zote. Halikusogea. Sheikhan akajaribu naye, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Jiwe. Injini ilikuwa imeshikana.

Alichungulia ndani kwa dirisha. Kiti cha pili kilikuwa na chupa ya marashi tu.

Alingoja Wardah apige kelele. Kama angepiga kelele, yeye angepata pa kujibu. Wardah alinyoosha kiganja, basi. Sheikhan akauchomoa ufunguo, akauweka pale. Alitaka kusema nisamehe, na hapo akakumbuka alivyoapa: sitatia neno. Hata nisamehe ni neno. Wardah akachukua marashi, akaenda makaburini kwa miguu, bila kugeuka.

Gari lilivutwa kwa kamba hadi Mtongwe. Alasiri ile Sheikhan alipiga magoti mbele ya banda, akakata kwa koleo waya zilizoushika mlango wa bati, na kuku wakatawanyika uani. Alilifuta bati kwa kanzu yake. Upande wa ndani, chini ya kinyesi kilichokauka, rangi nyeusi ilikuwa na alama ya dole gumba. Hussam alikuwa amelishika kabla rangi haijakauka.

Alipita nalo barazani, amelikumbatia kifuani.

"Mzee!" Odhiambo aliita. "Leo kole amefika wapi?"

Watu wakasubiri kucheka. Sheikhan aliwapita, akaliegemeza bati kwenye mlango wa Wardah, upande wa dole ukitazama nje, akaenda kukamata kuku wake.