Mgeni Asiyeomba Njia

Mtaani Katoyi mgeni hafukuzwi. Yeye mwenyewe ndiye huomba njia: husema, "Basi mama, nipe njia," na mwenyeji humpa, akamsindikiza hadi barabarani. Mama Léocadie, aliyekimbia vita katika mji wa Kiwanja na sasa alikuwa akilala na wajukuu wake katika darasa la shule ya jirani, hakuwahi kuomba njia hata siku moja.

Jioni hiyo Masika alikuwa na mtihani wa kozi ya jioni. Tangu mimba ilipomtoa shuleni alikuwa akikitamani cheti cha kozi hiyo, na mwalimu Kataliko alishasema wazi: mlango ukifungwa umefungwa, na mtoto akilia ndani, mama yake atoke naye. Paulin, mumewe, alikuwa bado sokoni na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo. Mtoto wao Prodige alikuwa anaota meno, hataki mtu wala kitu.

Mama Léocadie alikuwa amekaa kwenye kigoda nyumbani kwa Masika tangu mchana. Alishasimulia maharagwe ya Kiwanja, mbuzi wake wa pembe moja, harusi ya jirani yake Jolie ambako turubai lilimwangukia padri, kisha akarudi kwa mbuzi. Masika alibaki kushangaa pumzi zile zinatoka wapi. Akazima makaa. Akafagia mpaka miguuni mwa mgeni. Mgeni akainua miguu na kuendelea. Masika akasema leo jua limekwenda mbio. Mama Léocadie akakubali, akasema la Kiwanja nalo lilikuwa hivyo hivyo, hasa siku ile mbuzi alipopotea.

Mwishowe Masika akambeba Prodige mgongoni. "Mama, acha nikusindikize."

Kumsindikiza mtu ambaye hajaomba njia ni kumfukuza. Alilijua hilo kabla hajafunga mdomo. Mama Léocadie akanyamaza, akainuka, na Prodige akaanza kulia.

Wakatembea juu ya mawe meusi ya volkano, mtoto akilia njia nzima. Karibu na darasa la kozi mama yule akasimama.

"Nimekuchosha, Mama Prodige. Unisamehe. Siku tulikimbia ilikuwa giza, na tochi hatukuweza kuwasha, wangetuona. Nikaambia batoto: mufuate sauti yangu. Njo nikasema, nikasema. Mbuzi, harusi, kila kitu. Nikinyamaza kidogo, nasikia mumoja anaita nyuma. Sasa tulifika, lakini kinywa hakijajua kama tulifika."

Masika akauliza kwa hofu kama wajukuu wote walifika.

"Wote. Na wengine. Kulipopambazuka niligeuka, nikakuta batoto hata siwajue, wa watu wengine, wamefuatana nyuma yangu mpaka kule kwenye kona."

Masika alimtazama mwanamke yule mfupi, kandambili zake zimeshonwa kwa uzi, akaiona barabara yote ile ya giza, na watoto wasioona kitu wakiweka mguu mahali ambapo mbuzi wa pembe moja alikuwa akipita. Ndipo alipogundua kwamba mgongoni mwake kumetulia. Prodige alikuwa amenyamaza, amegeuza shingo, anasikiliza.

Masika akamfungua mtoto, akamweka mikononi mwa mama yule.

"Mama, ile ya mbuzi haukuimaliza. Umumalizie huyu, pale chini ya dirisha. Mimi nitakuwa ndani."

Mwalimu Kataliko alifunga mlango nyuma yake. Kupitia mbao za ukuta ile sauti iliingia polepole, bila kukatika, na Masika akaandika, swali hadi swali, akiifuata.

Alipotoka alikuta kimya. Mama Léocadie alikuwa ameegemea ukuta, Prodige amelala kifuani pake, na midomo ya mama yule imetulia kabisa, kama ya mtu aliyefika.

"Basi, Mama Prodige," akanong'ona, asimwamshe mtoto. "Nipe njia."

Masika, aliyeyangoja maneno hayo tangu mchana, alijikuta hana haraka ya kuyajibu. Akaketi kwanza kando yake, juu ya jiwe.