Nani Aliyeigusa Kamba?

Woga msichana huyu alizaliwa nao. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu akikiona kivuli chake, anakipisha kipite. Ndiyo maana ukoo mzima ulishangaa aliposhika kazi kwa watengeneza filamu, watu wa vishindo na makelele.

Kazi yenyewe alitafutiwa na shangazi yake, dada mkubwa wa baba, aliyeshona na kutunza mavazi ya filamu kwa miaka kumi na tisa. "Huyu haongei," Shangazi alimwambia mtayarishaji, "lakini haoni kitu akakisahau. Mpeni daftari muone." Akapewa daftari, na jina likamganda hapohapo. Kuanzia mwongozaji hadi mpika chai, wote wakamwita Daftari.

Kazi yake ilikuwa kutunza mwendelezo. Tukio moja la filamu hurudiwa mara tano, mara sita, na mtu aliyeshika fimbo kwa mkono wa kulia mara ya kwanza hawezi kuishika kwa kushoto mara ya sita. Daftari alikaa kando ya kioo cha kutazamia picha, akapiga picha ndogondogo kwa simu kabla ya kila mara, akaandika kila kilichosemwa na kila kilichohama. Alilipwa ili aone. Hakuna aliyemlipa ili aseme, na hilo alikumbushwa siku moja kabla ya mkasa, alipoinua mkono katikati ya tukio kwa sababu kikombe kilikuwa kimehama mezani. Mwongozaji alisimamisha kila kitu, akamgeukia mbele ya watu thelathini.

"Kazi yako kuandika. Kusema 'kata' ni kazi ya nani?"

"Yako, bosi."

"Sijasikia."

"Yako, bosi."

Usiku huo hakupata lepe la usingizi.

Kesho yake walikuwa ghorofa ya nne ya jengo ambalo halijamalizika. Halikuwa na kuta wala vizuizi. Lilikuwa sakafu ya zege tu, nguzo, na upepo. Tukio lilikuwa la kutisha hata kwenye karatasi: mfanyabiashara anamsukuma mshirika wake kutoka ukingoni, naye anaanguka mita tatu kisha anabaki akining'inia. Mwigizaji mwenyewe asingeruka. Angeruka mtu aliyefanana naye umbo, mwanamume mfupi mkakamavu ambaye kila mtu alimwita Paka kwa vile siku zote alitua kwa miguu. Kwa kuwa kamera ilitazama chini moja kwa moja, hapakuwekwa godoro wala wavu. Huko chini kulikuwa na sakafu tupu na nondo zilizochomoza kwenye msingi kama mashina ya mahindi yaliyovunwa. Daftari alichungulia mara moja tu. Akarudi kinyumenyume hadi mgongo ukagusa nguzo.

Asubuhi mtu wa kamba aliwakusanya wote, akawaonyesha mkanda ambao Paka angeuvaa ndani ya koti. Alikuwa mzee mwenye viganja vigumu kama gome, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabika.

"Pete hii kubwa ya mgongoni ndiyo inabeba mtu," alisema. "Hivi vitanzi vya kiunoni ni vya kutundikia nyundo na vikorokoro. Ukimtundika mtu hapa, umemtundika kwenye uzi wa kushonea vifungo. Tumesikizana?"

"Tumesikizana," wakaitikia. Daftari akaandika neno kwa neno.

Mara ya kwanza Paka aliruka, kamba ikamdaka, watu wakashusha pumzi. Mara ya pili vivyo hivyo. Lakini Mwongozaji alisogeza uso kwenye kioo, akakunja midomo.

"Pale mgongoni kuna uvimbe. Anaonekana ana nundu. Mavazi! Ficheni huo uvimbe."

Shangazi akaja mbio na pini mdomoni, akamchukua Paka nyuma ya pazia la kubadilishia nguo. Mtu wa kamba wakati huo alikuwa kwenye nguzo ya nyuma, akikagua breki ya kamba yake, chuma kinachoishika isikimbie. Msaidizi wa mwongozaji, kijana mrefu aliyeishi na saa mkononi, alikuwa ameshatia alama kwenye orodha yake: kamba imekaguliwa. Ilikuwa imekaguliwa kweli, ila kabla ya pazia.

Paka akarudi na koti lililokaa sawasawa kama limemwagwa mwilini. Mwongozaji akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Sasa hapo! Mara ya tatu. Nafasi zenu!"

Daftari akampiga picha Paka kwa nyuma, kama kawaida yake. Akailinganisha na ile ya mara ya pili. Kwanza aliona jambo dogo tu: kamba ilikuwa ikitokea kwenye ukosi wa koti, sasa ilitokea chini ya pindo. Akaandika: *kamba, juu, sasa chini*. Kisha penseli ikasimama. Chini kuna nini? Chini hakuna pete.

Akaikuza picha. Upepo ulikuwa umeinua pindo kidogo, na pale kiunoni pa Paka, kulabu ya chuma ya kamba ilikuwa imeshika kitu chembamba cheusi: kitanzi cha nyundo.

Akamvuta msaidizi mkono. "Kaka, kamba imetokea chini."

"Imekaguliwa."

"Lakini tazama—"

"Imekaguliwa, dada, nimeshatia alama. Usitutafutie balaa, jua linageuka." Akapaza sauti: "Kimyaaa! Kamera!"

"Inakwenda."

"Sauti!"

"Inakwenda."

Mwongozaji akasubiri kidogo, kama anavyosubiri mtu anayeonja asali. "Ekshen."

Daftari aliyajua maneno ya tukio lile kama anavyolijua jina lake. Zilikuwa kauli tano kabla ya kusukuma. Penseli yake ilikuwa kwenye karatasi.

"Uliniambia utarudi," alisema mwigizaji wa mfanyabiashara, akisogea.

Huenda wameamua wenyewe, Daftari alijiambia. Huenda kuna pete nyingine ambayo sikuonyeshwa. Mimi nani? Mimi mtu wa vikombe.

"Nimerudi," alijibu Paka, kisigino kikikanyaga ukingo.

Akamtazama mtu wa kamba. Mzee alikuwa nyuma ya nguzo, mikono kwenye breki, macho kwenye mikono. Kutoka kule hakuweza kuona kitu ila koti. Akamtazama Shangazi. Shangazi alikuwa amesimama kando ya pazia, ametulia, akizitoa pini mdomoni moja moja. Hapo ndipo Daftari alipofahamu ni mkono wa nani uliohamisha kulabu ile. Hofu ya pili ikaja juu ya ile ya kwanza, kama mtu anayebanwa na mlango huku akisukumwa.

"Umerudi peke yako."

Akafungua mdomo, hewa ikatoka tupu. Aliona wazi yatakayomkuta akisema bure: uso wa Mwongozaji, watu thelathini, kufukuzwa mchana kweupe, aibu ya Shangazi aliyemdhamini. Aliona pia nondo.

"Peke yangu ndivyo nilivyokwenda."

Ilibaki kauli moja. Mwigizaji akainua mikono miwili, akaiweka kifuani pa Paka, akavuta pumzi ya kuisema.

"Kata!"

Sauti hiyo ilikuwa ya Daftari, naye mwenyewe hakuijua. Ilikuwa nyembamba, imepasuka katikati, kama ya mtoto aliyemwagiwa maji ya moto. "Kata! Kata! Usimsukume! Kata!"

Mwigizaji alishtuka, mikono ikamteleza. Paka, ambaye uzito wake ulikuwa umeshaanza kwenda nyuma, akayumba. Mtu wa kamba aliposikia kelele akafanya alichofanya kwa miaka yote: akaivuta kamba. Haukuwa mvuto mkubwa. Lakini wote waliusikia mlio, *prap*, kama kitambaa kinachochanwa sokoni, na kulabu ikaruka hewani bila mtu, ikagonga zege, ikaburuzwa hadi kwenye nguzo.

Paka alianguka kifudifudi, miguu yote miwili ikiwa nje. Alikuwa akiteleza. Kucha zake zilikwaruza sakafu. Mwigizaji alijitupa chini akamshika ukosi, msaidizi akamshika mkono na saa yake ikapasukia hapo, na kwa muda ambao Daftari hakuweza kuupima watu watatu walikuwa wakihema ukingoni bila yeyote kusogea mbele wala nyuma. Kisha mtu wa kamba akafika, akamnyakua Paka kwa mkanda, akamvuta ndani kama gunia.

Paka alikaa ameegemea nguzo, akiitazama kulabu, meno yakimgongana mchana wa jua kali.

Mtayarishaji aliitwa kutoka chini. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini, na ndiye aliyewaajiri wote. Alipanda ngazi zote nne bila kupumzika. Akaiokota kulabu, ikiwa bado na kipande cha kitanzi, akaigeuzageuza.

"Nani aliyeigusa kamba?"

"Mimi niliifunga kwenye pete," alisema mtu wa kamba. "Nikaikagua. Baada ya hapo sikuigusa." Macho yake yalikuwa mekundu. "Na sikuitazama tena. Hilo ni langu."

"Mimi niliandika imekaguliwa," alisema msaidizi. "Nilidhani..."

"Wewe?" Mtayarishaji akamgeukia Paka.

"Nilihisi kulabu inahamishwa nyuma ya pazia, mama. Nilidhani mzee ndiye kaagiza. Nyuma kwangu sioni."

Daftari alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. Ndani yake mlikuwa na picha, na katika picha ya mwisho, pembeni, kidole chenye subana, kikofia cha chuma cha kushonea, kilikuwa kinalinyoosha pindo. Akaomba asiulizwe. Damu nzito kuliko maji, na huyu ndiye aliyemlea likizo baada ya likizo, aliyemfundisha kushika sindano na kusoma saa.

"Ni mimi," Shangazi alisema.

Alisogea mbele. Subana bado ilikuwa kidoleni. "Nilikuwa nashona vifungo yule mzee aliposema habari za vitanzi, sikumsikiliza. Nikaona mahali pa kutundikia, nikatundika. Nilijua atakagua tena. Siku zote kuna mtu anayekagua tena." Akakaa kwenye sanduku la taa.

"Basi," Mwongozaji akasema upesi mno. "Tumeshamjua. Mtu wa mavazi kaingilia kamba. Sasa tunaweza—"

"Bosi," alisema Daftari.

Wote wakageuka. Alidhani amemaliza hofu zote alizonazo. Kumbe bado ilikuwepo nyingine, tena baridi zaidi, kwa kuwa safari hii alikuwa na muda wa kuifikiria. Akafunua karatasi. Akasoma bila kuinua macho, maana angeinua asingemaliza.

"'Baada ya mara ya pili. Mwongozaji: Pale mgongoni kuna uvimbe. Anaonekana ana nundu. Mavazi! Ficheni huo uvimbe.' Uvimbe ulikuwa pete, bosi. Hakuna namna ya kuuficha bila kuihamisha kamba. Halafu: 'Mara ya tatu. Nafasi zenu.' Hapo katikati hakuna aliyeitwa kukagua. Ningeandika."

Daftari akangoja radi. Lakini Mwongozaji aligeuka, akaenda hadi ukingoni, akachungulia chini, na aliporudi alikuwa ameshikilia nguzo kwa mkono.

"Ni kweli," alisema. "Niliagiza. Sikufikiri."

Siku hiyo kazi ilifungwa. Mtayarishaji alitoa amri mbili: hakuna mkono utakaogusa kamba ila wa mtu wa kamba, na yeyote akiona hatari, hata awe mpika chai, ana ruhusa ya kusema "kata". Siku ya tatu Paka aliruka tena, na tukio likapatikana. Daftari alilazimika kutazama kwa macho makavu kwa sababu ndiyo kazi yake. Alipomaliza kuandika alikwenda nyuma ya tangi la maji akatapika. Mwongozaji alibaki mwongozaji. Hakumwomba radhi, lakini hakumpigia kelele tena.

Shangazi hakurudi. Hakufukuzwa na mtu. Aliacha funguo za sanduku la mavazi mezani akaondoka. Nyumbani, baba yake Daftari hakusema naye wiki nzima. Siku ya nane alisema, "Umemwanika dada yangu mbele ya watu."

"Alijianika mwenyewe, baba. Mimi nilikataa abebe peke yake."

Kesho yake baba alimpa nauli ya kwenda kwa shangazi yake.

Alisimama mlangoni bila kubisha. Mlango ukafunguliwa kabla hajainua mkono. Shangazi alikuwa amekonda.

"Nilikuwa naogopa utakuja," alisema Shangazi, "na nilikuwa naogopa hutakuja."

"Nami hivyohivyo, shangazi."

"Yule kijana, Paka. Anaendeleaje?"

"Mzima. Ana vidonda vya kucha tu."

Shangazi akafunika uso kwa kiganja, mabega yakamtikisika. Daftari akamwongoza ndani, akaketi naye mkekani, akamshika mkono, wakakaa hivyo hadi kilio kilipokwisha chenyewe.