Robo Chupa ya Formoli

Julienne alifika nyuma ya hospitali na beseni la migebuka kichwani. Maji ya samaki yalikuwa yanamchuruzika shingoni, naye hakujisumbua kuyafuta. Mwezi mzima alikuwa ananuka samaki. Hata mama yake alikuwa ameacha kulalamika.

Mbele ya mlango wa chuma, Grégoire, mlinzi wa chumba cha maiti, alikuwa amekaa juu ya kreti ya bia akimenya muhogo.

"Munganga wa samaki," alimsalimu. "Leo umeniletea wagonjwa wangapi?"

Julienne alimjibu kwamba wagonjwa wake wamekufa wote, kama wa kwake, na kwamba amefuata ahadi ya jana.

Ahadi yenyewe ilikuwa formoli, dawa ile inayozuia nyama isioze. Julienne alikuwa mwaka wa mwisho wa biolojia katika chuo kikuu, kule Lubumbashi. Kilichobaki ni kazi ya kumalizia masomo, na kazi yake ilikuwa kueleza migebuka wa ziwa la hapa kwao wanakula nini. Matumbo ya samaki yalipaswa kufika chini ya hadubini kabla ya mitihani. Yasipofika, angerudia mwaka, na anayerudia hapati burse, ile pesa ya masomo, na bila burse baba yake hangeweza kumlipia. Chupa ya formoli aliyopewa na profesa ilifunguka kizibo ndani ya treni, behewa zima likalia machozi. Tangu hapo alikuwa amejaribu chumvi, matumbo yakakauka kama kamba za viatu. Alijaribu lutuku, pombe kali wanayopika akina mama wa mtaani. Matumbo yakageuka uji, na mjomba wake akamnunia kwa kuharibu kinywaji cha watu. Treni ilitazamiwa kuingia kesho, Ijumaa, na kuondoka Jumamosi. Alipaswa kuwamo.

Grégoire aliingia ndani, akarudi na chupa ya bia. Formoli ilikuwa robo tu.

"Hii njo ya mwisho," alisema. "Ingine itatoka Kinshasa. Ama haitatoka."

Robo ilitosha. Ikichanganywa na maji, ingefunika matumbo yote. Julienne alikuwa ameshaishika chupa alipomwona mzee akiinuka kutoka kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa Papa Onésime, mstaafu wa reli, jirani wa mtaa wa pili. Mke wake, Mama Rosalie, alikuwa amefariki juzi. Julienne alijua hilo, alisikia vilio. Hakujua kwamba bado hajazikwa.

Grégoire, bila kumtazama, alimweleza habari yote. Mtoto wao wa kwanza, Ilunga, alikuwa mwalimu kule Manono, na walikuwa wanamngojea ndipo wazike. Alikuwa amepata lori la kumfikisha stesheni ya Kabalo, na toka pale apande treni. Jana, yeye Grégoire alipomwahidi Julienne, treni ilikuwa iingie leo. Asubuhi hii stesheni imesema kesho. Formoli nyingine yote alikwisha kuitumia kwa marehemu. Robo hii ingemhifadhi siku moja zaidi, basi. Wakigawana, haitamfaa yeyote.

Papa Onésime alisogea, akachungulia beseni.

"Hawa samaki ni wa nini?"

Julienne alisema anataka kujua wanakula nini.

"Wanakula ndagala. Kila muntu anajua."

Habari hiyo ya dagaa alikuwa ameisikia kila siku tangu ashuke kwenye treni. Alieleza, kwa sauti ya kuchoka, kwamba wadogo hawali kama wakubwa, kwamba ndani ya matumbo yao mna wadudu wa maji ambao jicho haliwaoni.

"Na ukishajua?"

"Nitapata diplome, Papa."

Mzee alifikiri kidogo. "Hiyo njo kitu," alisema. "Chukua dawa, mutoto. Rosalie hana mitihani tena."

Hakusema kwa kumsuta. Kama mzee angemsihi, Julienne alikuwa na majibu tayari: yeye aliahidiwa kwanza, na kesho treni inaweza isifike vilevile. Lakini mzee alikuwa amerudi kivulini kukaa, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyemaliza shughuli. Julienne alitua beseni, akakaa chini pia. Miguu ilimuuma. Alikuwa amechoka kuomba: kwa wavuvi, kwa manesi, kwa profesa. Aliiangalia chupa, kisha akamrudishia Grégoire.

"Mpe Mama Rosalie."

"Unajua hawa samaki hawafiki kesho?"

"Najua, Papa Grégoire. Njo kitu nimesoma miaka yote hii."

Nyumbani alipasua samaki kabla ya mama yake kuwakaanga. Kila tumbo alilikata juu ya sahani. Katika moja alikuta ndagala mzima, bado anang'aa. Katika jingine, ujiuji mwekundu ambao hadubini ingemwambia ni nini. Mama yake alisimama na mafuta ya mawese, akamwambia afanye haraka, mkaa unakwisha. Julienne akayamwaga yaliyokuwa kwenye sahani.

Ijumaa watu walisimama stesheni mpaka mchana. Treni haikuja. Jioni hiyo walimzika Mama Rosalie, kwa haraka, watu wakiwa wameziba pua kwa vitambaa.

Kwenye njia ya kutoka makaburini, Papa Onésime alimshika Julienne mkono.

"Ilunga akifika, nitamwambia tulimungojea. Siyo kwamba tulimuzika mama yake tukiwa na haraka. Tulimungojea."

"Ndiyo, Papa."

Walifika barabarani.

"Na mitihani?"

"Nitarudia mwaka, kama baba ataweza."

"Na wale samaki?"

"Tulikula."

"Walikuwa watamu?"

Julienne alifikiri. "Chumvi ilizidi kidogo," alisema.